Siku Fundi Turubai Alipopanda Boti

Boti zote za ziwa lile zilivaa nguo zake. Ndivyo Fundi Turubai alivyopenda kusema, na hakuwa anatia chumvi. Paa za turubai zinazowakinga watalii na jua, mapazia ya plastiki yanayoshushwa mvua ikija, mito ya viti, mifuko ya kuwekea maboya, vyote vilipita kwenye meza yake ndefu. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja mtaa wa nyuma ya gati, katikati ya kinyozi na duka la vipuri vya baiskeli. Ukiingia mle unapokewa na harufu ya nta anayopaka uzi, kisha na ngurumo ya cherehani yake nzito, ambayo ikianza kazi, chupa za kinyozi wa jirani zinacheza rafuni. Mkasi wake mkubwa hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Hata mkewe. Hata kwa kukata kamba ya kifurushi tu.

Ila yeye mwenyewe hakuwahi kupanda boti hata moja. Vipimo alivichukua msimu wa baridi, boti zikiwa zimevutwa nchi kavu na kulala ubavu kama ng'ombe walioshiba. Wenye boti wakimwambia, "Fundi, ingia tuzunguke kidogo uone kazi yako inavyokaa," aliwajibu kwamba yeye na maji waliwekeana mipaka zamani, na hataki kesi. Mipaka yenyewe iliwekwa utotoni. Ubao wa gati ulivunjika chini ya miguu yake, akatumbukia kwenye maji ya mlimani, yale ya baridi ya kukata pumzi, na mpita njia akamvuta kwa kola ya shati. Shati lilichanika, yeye akapona. Tangu hapo, maji yaliyozidi ndoo yalimtoa jasho.

Mtu wa namna hiyo akajaliwa binti mmoja tu, na binti huyo akatokea kuyapenda maji kuliko uji.

Fundi alimkataza asisogee ziwani, na mtoto akaitikia kwa adabu zote. Jioni moja akarudi nyumbani na shangazi yake, dada wa Fundi, nywele zikiwa zimemlowa chapachapa.

"Nywele zimefanya nini?" baba akauliza.

"Jasho, baba."

"Jasho la kichwa kizima?"

"Nilikimbia sana."

Fundi akageuka kumtazama dada yake. Naye nywele zilikuwa zinadondosha maji mabegani, na macho ameyatupa darini kana kwamba kuna kitu huko.

"Na wewe dada, mlikuwa mnakimbizana?"

"Kaka, sikiliza," shangazi akasema, akijua mchezo umekwisha. "Ulitaka mtoto akae kando ya ziwa bila kujua kuogelea? Huyo ndiye wa kukukosesha usingizi. Kwa huyu wangu, sasa lala tu. Ni bata mtupu."

Jina likamganda. Mtaa mzima ukamwita Kibata. Fundi alinuna siku kadhaa, kisha akakubali yaishe, maana alikuwa na mke na dada waliokaa upande mmoja, na mtoto akakaa upande wao.

Kibata alipomaliza shule alianza kwa kuosha sitaha za boti. Akajifunza kufungua injini na kuifunga tena bila kubakiza skrubu mkononi. Akawa mwongoza watalii, yule anayesimama mbele na kipaza sauti na kuwaeleza wageni wanachokiona. Miaka ikapita, akafanya mtihani wa unahodha, akafaulu mara ya kwanza, akawa mwanamke wa kwanza kushika usukani wa boti ya abiria kwenye ziwa lile. Sasa aliendesha na kusimulia, vyote yeye.

Hapo ndipo Fundi alipovimba kichwa, na nani angemlaumu? Mtu akileta hema lenye tundu, aliondoka na hema zima na habari za mtihani wa nahodha. Aliyekuja kuuliza njia ya kwenda posta alielekezwa posta kwa kupitia kwa Kibata. Alisimulia jinsi binti yake anavyokata kona kwenye kisiwa cha ndege, anavyosogeza boti karibu na maporomoko mpaka wageni wanapata marashi ya maji usoni, anavyowachekesha wazee.

Kinyozi wa jirani alivumilia kwa muda mrefu. Asubuhi moja, akiwa anamnyoa Fundi ndevu, akasema taratibu, "Ndugu yangu, mimi nakupenda. Lakini unatusimulia sinema ambayo wewe mwenyewe hujaitazama."

Fundi hakujibu, kwa kuwa wembe ulikuwa kooni. Wembe ulipoondoka alilipa, akatoka. Alirudi karakanani, akakaa mbele ya cherehani, na safari hii chupa za kinyozi hazikucheza. Kila kitu alichokuwa akikisimulia alikuwa amekisikia kwa mkewe, ambaye alishapanda na binti yake mara nyingi kiasi cha kuwa na kiti anachokipenda.

Jioni, mezani, akatangaza, "Kesho naenda ziwani."

"Kupima boti gani?" mkewe akauliza.

"Sipimi. Napanda."

Mama alishusha kijiko. Alimtazama mumewe kama anayemkagua mtu aliyetoka hospitali. Kibata alikuwa ameinua kikombe, akasahau kunywa.

"Baba, una hakika?"

"Nina hakika na woga. Hayo mengine tutayaona huko huko."

"Basi vaa sweta, kuna upepo. Na jambo moja, baba." Kibata alisema kwa upole, lakini sauti ilikuwa imenyooka. "Ndani ya boti mimi ni nahodha. Nikisema kaa, unakaa."

"Sawasawa. Na mimi nina langu. Usiwaambie watu kwamba mimi ni baba yako. Nataka kukaa kama abiria, nione wanachoona wao."

Mama alitaka kuwasindikiza. Fundi akamwomba abaki, maana akianza kutetemeka hakutaka shahidi atakayeishi naye nyumba moja.

Asubuhi ile ziwa lilikuwa limelala. Milima iliyolizunguka ilionekana mara mbili, mara juu na mara chini, na misonobari ya kando ilikuwa imejipanga kichwa chini ndani ya maji. Fundi hakuviona vyote hivyo. Aliona ule mwanya kati ya gati na boti, na ndani ya mwanya maji meusi yanapumua. Akajikaza kisabuni, akatanguliza mguu mmoja, ukafuata mwingine, akajikuta ndani. Alikwenda moja kwa moja kwenye benchi la katikati, akalishika kwa mikono miwili.

Jirani yake wa kushoto alikuwa bibi mmoja mwenye mtandio wa sufu, aliyekuja kumtembelea mwanawe mjini. Wa kulia alikuwa dereva wa malori aliye likizoni, mtu mnene wa kofia pana na kicheko cha kusikika ng'ambo. Nyuma yao kulikuwa na mke na mume wapya walioshikana mikono kama watakaonyang'anywa, na mbele familia moja iliyobeba chakula cha kulisha harusi.

"Huyu kabinti ndiye anaendesha?" dereva akauliza, akimwelekezea kidevu Kibata, aliyekuwa anafungua kamba za gati. "Mimi nilidhani ndiye anakata tiketi."

Fundi aliuma ulimi. Kazi ilikuwa ngumu, kwa sababu ulimi wake haukuzoea kuumwa.

Kibata akapanda, akagawa maboya ya kuvaa, akamfunga kila mtu mikanda kwa mkono wake. Alipofika kwa baba yake alivuta mkanda, akaujaribu, akasema, "Unabana, mzee?" kama anavyomwambia mgeni yeyote. "Haubani, nahodha," Fundi akajibu, na neno lile lilimtoka likiwa tamu kuliko alivyotarajia. Kisha injini ikaunguruma, na nchi kavu ikaanza kuondoka.

Mwanzoni Fundi alitazama turubai la juu tu. Alilijua. Alihesabu mishono yake, akakagua vijicho vya chuma pembeni, yale matundu ya kupitishia mikanda, akaona kwamba kona moja ataipa kiraka msimu ukiisha. Sauti ya binti yake ndiyo iliyomteremsha macho.

Haikuwa sauti ya mezani. Nyumbani Kibata alizungumza kwa nusu sentensi, nusu nyingine ukaijaze mwenyewe. Hapa alizungumza bila haraka, mkono mmoja usukanini, na watu wote waliacha kutafuna. Aliwaeleza kwa nini maji yale ni ya kijani karibu na buluu katikati, na kwa nini hata jua likiwaka vipi mtu akitumbukia anatoka meno yakigongana. Akawaonyesha njia ya mbuzi iliyopanda jabali kama uzi, na nyumba moja juu kabisa, akasema mwenye nyumba ile akisahau chumvi dukani anakula chakula kisicho na chumvi mwezi mzima. Watu wakacheka. Fundi naye akacheka, halafu akagundua kwamba namna ile ya kusimama kidogo kabla ya neno la mwisho ilikuwa ya marehemu mama yake. Bibi na mjukuu hawakuwahi kuonana.

Chini ya maporomoko alipunguza mwendo, akaisogeza boti taratibu, ikasimama pale pale matone laini yanapofika. Wale wapya nyuma wakapiga kelele za furaha. Fundi alifuta uso kwa kiganja. Alikuwa ameliachia benchi bila kujua.

"Sasa ngoja," bibi wa mtandio akamnong'oneza. "Hapa ndipo anapotaja habari za fundi. Mwaka jana nilipopanda alizitaja, na juzi mwanangu naye akazisikia."

"Fundi gani?"

"We sikiliza tu."

Kibata alikuwa amegeuza boti kuelekea kisiwani. "Kabla hatujafika," akasema kwenye kipaza sauti, "inueni macho kidogo. Turubai hilo lililo juu yenu, na yote mtakayoyaona ziwani leo, yameshonwa na mtu mmoja. Karakana yake iko nyuma ya gati. Kila mshono anaupitisha mara mbili, na uzi anaupaka nta kwa mkono. Ziwa hili lina upepo wa kung'oa paa, lakini la kwake halijang'oka. Mimi nilijifunza kazi ya boti kwa watu wengi. Kuifanya kazi mpaka iishe nilijifunza kwake."

Kisha akaendelea na habari za ndege. Hakutazama kiti cha katikati hata mara moja.

Fundi aliinamisha kichwa, akajifanya anafunga kiatu. Kiatu chenyewe hakikuwa na kamba. Miaka yote ile alikuwa akimtangaza binti yake mtaani kwa kila mwenye masikio, na kumbe huku majini, safari baada ya safari, mbele ya wageni wa kila aina, binti naye alikuwa akimtangaza. Na mama yake Kibata, aliyepanda mara zote hizo, hakusema neno.

Walikuwa wamekipita kisiwa wakati Kibata alipokatiza sentensi. Alikuwa anatazama mbali, kwenye pengo kati ya milima miwili. Fundi alitazama alikotazama yeye, akaona mstari mweusi umechorwa juu ya maji, unakuja. Hewa ikabadilika, ikawa ya baridi, na turubai likapiga pumzi moja kubwa.

"Wageni wangu," Kibata akasema, sauti ile ile, "upepo wa mlimani leo umewahi. Kaeni mlipo, msisimame. Wazazi washike watoto. Tutarukaruka kidogo."

Wimbi la kwanza likafika, likainua boti na kuitua. Mtoto wa familia ya mbele akaanza kulia. Dereva wa malori, kicheko kimemkauka, akapaza sauti, "Dada, gati si lile pale tunaliona? Kanyaga mafuta twende moja kwa moja."

"Kaka, nikienda moja kwa moja mawimbi yatatupiga ubavuni, na ubavuni hakufai," Kibata akajibu bila kugeuka. "Nitayakata kwa pua ya boti mpaka nyuma ya jabali lile. Kuna ghuba, upepo hauingii. Tutachelewa chakula cha mchana, basi."

Na akaigeuza boti kuelekea kule kule upepo ulikotoka. Dereva alimshika Fundi mkono, akaubana kweli kweli.

"Mzee, huyu anatupeleka wapi? Barabarani mimi siogopi kitu. Lakini hapa sina breki."

Fundi Turubai, mtu aliyeogopa beseni likijaa, alisikia sauti yake mwenyewe ikisema kwa utulivu, "Tulia, bwana. Anajua anachofanya."

"Unajuaje?"

"Huyu akisema jambo amelipima. Mtazame mikono."

Dereva akatazama. Fundi naye akatazama. Mikono ya Kibata haikung'ang'ania usukani. Iliupa nafasi, ikaurudisha, ikapunguza moto wa injini wimbi lilipoinuka na kuongeza liliposhuka. Ndivyo Fundi alivyolisukuma turubai zito chini ya sindano, bila kulilazimisha, bila kuliachia. Hakuna aliyemfundisha Kibata hilo kwa maneno. Alikaa tu sakafuni karakanani, utoto wake wote, akitazama.

Maji yakaanza kuruka ndani. "Mapazia," Kibata akasema. "Nahitaji mtu wa kuyashusha upande wa kushoto." Msaidizi hakuwapo, na mikono yake yeye ilikuwa na kazi. Abiria wakatazamana. Ndipo akageuza kichwa kwa mara ya kwanza. "Fundi. Tafadhali."

Alisimama. Baadaye hakuweza kueleza vizuri alivyosimama. Boti ilikuwa inapanda na kushuka, naye alikuwa wima juu ya maji marefu kuliko mnara wowote aliowahi kuuona, akifungua vifungo alivyovishona mwenyewe. Vidole vilijua njia. Akashusha pazia la kwanza, akapitisha mkanda kwenye kijicho, akavuta. La pili. La tatu. Maji yakagonga plastiki yakabaki nje, na mtoto aliyekuwa analia akanyamaza kuangalia yanavyotiririka.

"Ahsante. Sasa kaa, baba," Kibata akasema. Akakaa.

Bibi wa mtandio alimtazama kutoka kichwani mpaka miguuni. "Kumbe ndiye wewe," akasema. "Na ndiye wako."

"Ndiye wangu," Fundi akasema.

Wakaingia nyuma ya jabali, na ghafla pakawa kimya kama mtu amefunga mlango. Maji ya ghuba ile yalikuwa bapa. Kibata akazima injini, akatia nanga, akanyoosha vidole vyake mmoja mmoja. Hakujisifu. Aliwauliza watoto kama wanataka kusikia jabali linavyojibu, akaweka mikono mdomoni akaliita, nalo likamwitikia. Basi ikawa zamu kwa zamu. Familia ya mbele ikafungua vyakula, ikagawia boti nzima. Dereva alitafuna kwa muda, kisha akaenda kukaa karibu na usukani, akaanza kuuliza maswali ya kazi: wimbi linapokusukuma kwa nyuma unafanyaje, huku mnajuaje kina. Kibata alimjibu yote kama wanaojuana tangu zamani.

Upepo ulipochoka walirudi. Gatini walikuwa wamesimama wenye boti wengine, mikono viunoni, wakiwatazama wakiingia polepole na kugusa mbao bila mshtuko. Mmoja wao, mzee wa kazi, alidaka kamba aliyorushiwa na Kibata, akasema, "Ulipita nyuma ya jabali."

"Nilipita huko."

"Ningepita huko huko," yule mzee akasema, akaifunga kamba. Walioijua kazi ile walielewa kwamba hotuba ya sifa ilikuwa imekwisha.

Dereva wa malori alishuka wa mwisho. Akavua kofia yake, akampa Kibata mkono. "Nahodha," akasema, "nikirudi na mke wangu tutakutafuta wewe." Kisha akamgeukia Fundi. "Na wewe mzee, muda wote ule hukusema kuwa ni binti yako. Ningekuwa mimi, wangenishusha njiani kwa maneno."

"Leo nilikuwa abiria," Fundi akasema.

Walitembea kurudi nyumbani baba na binti, sweta zimelowa, wakipita nje ya kinyozi. Kinyozi alitokeza kichwa mlangoni na kitana mkononi. Fundi alimpungia tu. Alikuwa na mengi ya kusema, lakini aliyataka kwanza kwa mtu mwingine.

Mama alikuwa ameshapakua. Kibata alikula haraka, akarudi gatini kukausha boti. Fundi yeye hakugusa sahani. Alianzia kwenye mwanya wa gati, akaja kwenye rangi ya maji, kijani karibu na buluu katikati. Akaeleza njia ya mbuzi kwenye jabali, na nyumba ya juu, na mwenye nyumba aliyesahau chumvi. Akaeleza maporomoko, mahali hasa matone yanapofikia, akionyesha kwa mkono usoni pake. Akaeleza upepo, na mikono ya binti yao usukanini, akasimama ili aonyeshe vizuri zaidi.

Mkewe alikuwa ameyaona yale maji, na jabali, na maporomoko, mara nyingi mno. Kichekesho cha chumvi alikuwa anakijua neno kwa neno. Aliweka mashavu viganjani, akamtazama mumewe aliyekuwa anaendesha kiti cha mezani dhidi ya upepo wa mlimani, na kila alipotua kuvuta pumzi, alimuuliza, "Halafu ikawaje?"